Gari la doria: Charger, Explorer, Tahoe au Land Cruiser?

Kasi ya juu ndiyo namba ya kwanza kutajwa magari ya polisi yanapolinganishwa, na ndiyo inayomsaidia mnunuzi kidogo kuliko zote. Gari la doria hufikia kasi hiyo kwa nadra sana. Sehemu kubwa ya zamu limeegeshwa kando ya barabara injini ikiwaka, vimulimuli vikimulika, redio ya upepo na kompyuta vikila umeme, kiyoyozi kikipoza kabini. Kisha wito unaingia, na papo hapo linatakiwa lifike kilomita 160 kwa saa, lifunge breki, likate kona, liondoke tena. Gari linalohimili maisha hayo kwa miaka ndilo la kununua, hata kama lingine linalipita kwa sekunde moja kwenye barabara iliyonyooka.

Tunaweka mezani magari manne. Matatu yameandaliwa na makampuni ya Marekani kwa kazi ya polisi tangu kiwandani: Dodge Charger Pursuit, ambalo ni sedan, Ford Police Interceptor Utility, yaani Explorer ya polisi, inayokuja kama haibridi (injini ya petroli na mota ya umeme) au yenye turbo mbili, na Chevrolet Tahoe PPV, toleo la polisi la Tahoe. La nne ni Toyota Land Cruiser 79 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, pikapu ya kazi ngumu ambayo hugeuzwa gari la polisi pale lami inapokwisha.

| | Charger V8 | Explorer haibridi | Explorer turbo | Tahoe PPV | Land Cruiser 79 (1HZ) |
|---|---|---|---|---|---|
| Injini | V8, lita 5.7 | V6, lita 3.3 na mota | V6, lita 3.0, turbo mbili | V8, lita 5.3 | dizeli silinda 6, lita 4.2 |
| Nguvu za farasi | 370 | 318 kwa pamoja | 400 | 355 | takriban 130 |
| Gia | otomatiki 5, baadaye 8 | otomatiki 10 | otomatiki 10 | otomatiki 10 | za mkono 5 |
| Uvutaji | nyuma au yote manne | yote manne | yote manne | nyuma au yote manne | yote manne ukiunganisha |
| Uzito mtupu | karibu tani 1.9–2.0 | karibu tani 2.1 | karibu tani 2.1 | karibu tani 2.4–2.5 | zaidi kidogo ya tani 2 |
| Ekseli hadi ekseli | m 3.05 | m 3.03 | m 3.03 | m 3.07 | m 3.18 |

Charger la aina hii liliacha kutengenezwa Desemba 2023. Limebaki kwenye ulinganisho kwa sababu bado lipo kazini kwa wingi na linauzwa likiwa limetumika. Anayetaka Dodge mpya yenye V8 hiyohiyo ya lita 5.7 hupelekwa kwenye Durango Pursuit, ambalo ni refu kwenda juu na zito zaidi.

Sailensi ndiyo inayoua injini

Ford huwaambia wenye magari ya polisi wahesabu saa moja ya sailensi, yaani injini ikiwaka gari limesimama, kuwa sawa na takriban kilomita 53 za mwendo. Chukua gari lenye kilomita 100,000 kwenye dashibodi na saa 4,000 za sailensi. Saa hizo peke yake ni kilomita 212,000. Injini imechakaa kama iliyotembea kilomita 312,000. Ndiyo maana anayenunua gari lililotoka polisi asiangalie kilomita pekee. Magari mengi ya polisi yana kipimo cha saa za injini kwenye menyu ya dashibodi. Kifungue kabla ya kufungua boneti.

Kinachoharibika ni hiki. Kwenye sailensi pampu ya oili inazunguka polepole, msukumo wake ni mdogo, na petroli isiyoungua vizuri huteleza kupita ringi za pistoni na kuchanganyika na oili. Kwenye V8 za Charger na Tahoe, kemshafti, yaani mhimili unaofungua vali, imekaa ndani ya bloku, na lifta zake, vipande vinavyopokea msukumo wake, hupata sehemu ya ulainishaji kutokana na oili inayorushwa na kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kranki ikizunguka taratibu, oili hiyo hupungua. Mafundi wa injini hizi wanaujua vizuri mlio wa tiki-tiki unaoanza upande mmoja: roli ya lifta imeganda na sasa inaila kemshafti. Injini zote mbili pia huzima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, na lifta maalumu zinazofanya kazi hiyo ndizo huharibika mara nyingi. Mlio huo usiposhughulikiwa, unga wa chuma husambaa kwenye oili, na matengenezo ya lifta yanageuka kuwa matengenezo ya injini nzima.

Dizeli nazo hazijasalimika. Januari 2020, kaskazini mwa Uingereza, askari alipoteza maisha baada ya BMW ya doria yenye injini ya N57 kushika moto barabarani. Baadaye vikosi kadhaa viliyaondoa kazini au kuyawekea masharti magari yenye injini hiyo, na BMW ikalihusisha tatizo na namna ya pekee ambayo polisi huyatumia. Namna hiyo kila mkuu wa karakana anaijua: saa nyingi za sailensi, kisha mbio kali.

Hapa Explorer haibridi inawashinda wote kwa mbali. Betri yake ya litiamu ya kWh 1.5 hulisha redio, kompyuta na taa huku injini imezimika. Injini hujiwasha yenyewe kwa muda mfupi kuijaza, kisha hunyamaza. V8 iliyosimama hunywa petroli kama lita 1.5 hadi 2.5 kila saa, kutegemea kiyoyozi na mzigo wa umeme. Zamu ya saa nane yenye saa tano za kusimama ni lita 7.5 hadi 12.5 zilizoungua gari likiwa palepale. Kwenye joto kali kishinikizi cha kiyoyozi kinakula umeme mwingi, kwa hiyo injini ya haibridi hujiwasha mara nyingi zaidi na faida hupungua, lakini haipotei.

Kwa magari yasiyo haibridi, badilisha oili kwa saa za injini. Kila saa 200 ni kipimo kizuri: kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kilomita 8,000, na gari linalosimama sana litafika hapo mapema kuliko odometa inavyoonyesha.

Breki: pale Tahoe inapodaiwa zaidi

Joto la breki linapanda kwa mraba wa kasi. Gari la tani 2.1 linalosimamishwa kutoka kilomita 97 kwa saa huzipa diski nishati ya megajuli 0.75 hivi. Kutoka kilomita 160, nishati hiyo inazidi megajuli 2. Tahoe ya tani 2.5 kwa kasi hiyohiyo inakaribia megajuli 2.5. Kwenye ufukuzaji hilo hutokea kona baada ya kona bila nafasi ya kupoa.

Chevrolet inalijua deni hilo. Tahoe PPV ya kuanzia 2021 ina breki za mbele za Brembo zenye pistoni sita na diski kubwa za inchi 16, na hiyo ndiyo sehemu bora kabisa ya gari zima. Tatizo huanza pale karakana inapofunga pedi za kawaida za Tahoe ya familia kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Charger ni jepesi na ya polisi ina breki kubwa kuliko ya raia, ila magari ya miaka ya mwanzo yalikuwa na breki ndogo kuliko yaliyofuata. Ukinunua lililotumika, hakikisha pedi na diski zinazoagizwa ni za toleo sahihi. Explorer husimama vizuri, na ile ya haibridi hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri, kwa hiyo pedi zake hudumu kwenye msongamano wa mjini. Wakati wa kufunga breki kwa nguvu zote, kazi kubwa bado ni ya diski.

Maji ya breki yanasahaulika mno. DOT 3 mpya huchemka ikifika nyuzi 205 za Selsiasi na DOT 4 ikifika 230, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni bila onyo. Kwa gari la doria badilisha kila mwaka, na pedi zitolewe zikibaki milimita 3.

Matairi yaende na breki. Charger Pursuit huvaa 225/60R18, Explorer ya sasa 255/60R18 na Tahoe PPV 275/55R20, yote ya daraja la polisi yenye herufi V au W, yaani kilomita 240 au 270 kwa saa. Tairi lenye herufi T limeruhusiwa kilomita 190 tu. Ukubwa ukiwa sawa, watu hudhani ni lilelile; ukuta wake ni laini, hupata joto upesi, na tabaka la juu linaweza kubanduka katikati ya mbio.

Mwendo na kona

Polisi wa Jimbo la Michigan hujaribu magari ya polisi kila mwaka, na matokeo yao ndiyo mahali pazuri pa kuanzia kwa yeyote anayelinganisha. Wana jaribio la kuongeza mwendo na kasi ya juu, mfululizo wa kusimama kutoka maili 60 kwa saa, mizunguko ya uwanja wa mbio ambapo madereva wanne hupokezana gari moja, na ukaguzi wa kabini na mahali pa kufunga vyombo vya mawasiliano. Usikimbilie muda bora wa mzunguko. Tazama kama muda wa mizunguko ya mwisho umeporomoka. Hapo utaona gari lipi linachoka.

Explorer ya turbo mbili hufikia maili 60, yaani kilomita 97 kwa saa, chini ya sekunde 6, na kasi yake ya juu ni karibu kilomita 240. Charger V8 iko jirani kabisa kwa vyote viwili. Haibridi inaishia karibu kilomita 220 na inachelewa kwa zaidi ya sekunde moja kufika maili 60. Tahoe inahitaji zaidi ya sekunde 7, na kasi yake ya juu iko chini ya Charger na Explorer ya turbo.

Kwenye kona ndipo maumbo yanasema. Charger liko chini, uzito wake umekaa karibu na ardhi, nalo humpa dereva taarifa kupitia usukani kabla halijaanza kuteleza. Likivutwa na magurudumu ya nyuma kwenye lami yenye maji linahitaji dereva aliyefunzwa. Lenye uvutaji wa yote manne linasamehe zaidi. Explorer ya kuanzia 2020 imejengwa upya kwenye mpangilio wa uvutaji wa nyuma, na tofauti na ile ya awali ni kubwa: pua haivuti tena kwenda nje ya kona kwa ukaidi. Tahoe ya 2021 ilipata springi huru za nyuma badala ya ekseli nzima, hivyo haidundi tena kwenye kona yenye mabonde, ila urefu wake kwenda juu haufichiki. Kubadili upande wa barabara ghafla kwa kilomita 130 kwa saa ni jambo ambalo dereva wa Tahoe anapaswa kulikwepa.

Askari anakaa wapi, mahabusu anaingia vipi

Askari mwenye mkanda wa bastola, pingu na redio kiunoni hawezi kukaa kwenye kiti cha kawaida chenye mbavu ngumu pembeni. Baada ya miezi mgongo unauma na kitambaa cha kiti kinachanika upande wa silaha. Magari yote matatu ya Marekani yana viti vilivyokatwa mbavu za chini, na kiteuzi cha gia hakikai kati ya viti, hivyo nafasi ya katikati inabaki kwa redio, swichi za ving'ora na kompyuta. Explorer na Tahoe zinashinda kwa kuingia na kutoka: kiti kiko usawa wa nyonga, askari anajitelezesha tu. Kwenye Charger anashuka na kupanda, mara nyingi kwa zamu moja.

Nyuma, Charger ndilo dhaifu kuliko yote. Paa linashuka kuelekea nyuma, mlango ni mfupi, na ukishafunga ukuta wa kutenganisha mahabusu nafasi ya magoti karibu inaisha. Mahabusu mrefu aliyefungwa pingu mgongoni, na anayekataa kuingia, atamchosha askari na kuna mtu ataumia. Explorer inatosha. Tahoe ni pana, na nyuma ya kiti bado kuna nafasi ya mbwa wa polisi au ngao na fulana za risasi.

Ukuta wenyewe uchaguliwe kwa gari husika. Ukizuia njia ya mifuko ya hewa ya pembeni, umeondoa kinga ya kichwa cha askari. Explorer inaweza kuagizwa na paneli za kuzuia risasi ndani ya milango ya mbele. Ni uzito ulioongezwa, na uingizwe kwenye hesabu ya mzigo.

Umeme na matundu

Jumlisha kabla ya kufunga: vimulimuli vya LED ampia 10 hivi, kompyuta 5 au 6, kamera na kirekodi 3, redio yenye wati 50 kiasi cha ampia 10 unapozungumza. Mzigo wa ampia 28 humaliza nusu ya betri ya ampia-saa (Ah) 80 kwa karibu saa moja na nusu injini ikiwa imezimwa. Weka kizima-umeme chenye kipima muda, fyuzi ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri, na usipachike waya wowote kwenye nyaya za kiwandani. Kwenye Charger betri iko kwenye buti. Ni rahisi kuifikia, lakini redio na kirekodi vikirundikwa humohumo bila feni, joto huviua.

Matundu ya kupitishia nyaya ni suala la uhai. Julai 2017 polisi wa Austin, Texas, waliyatoa barabarani karibu Explorer 400 kwa hofu ya hewa ya kaboni monoksaidi kuingia kabini. Ford ilieleza kwamba matundu yaliyotobolewa nyuma wakati wa kufunga vifaa vya polisi, bila kuzibwa sawasawa, ni njia mojawapo ya moshi, na ikatoa matengenezo ya bure. Somo hilo halihusu Explorer peke yake. Kila tundu liwekwe raba yake na silikoni, hasa yaliyo nyuma, na kifaa cha kupima hewa hiyo kiwe ndani ya gari siku zote.

Kuhusu rangi, mpangilio bora wa mchana ni miraba mikubwa ya bluu na njano inayoakisi mwanga, uliobuniwa Uingereza miaka ya 1990 ili gari lionekane kutoka mita 500. Mwili mrefu wa Tahoe na Explorer unaubeba vizuri kuliko ubavu mwembamba wa Charger. Usiku, vimulimuli viwe na swichi ya kupunguza ukali. LED zikiwaka kwa nguvu zote huwapofusha madereva wanaokuja, na askari anayetembea kando ya gari lake haonekani kwao.

Lami inapokwisha

Charger lina nafasi ya karibu sentimita 13 tu chini ya tumbo; barabara ya mashimo itavunja sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Explorer na Tahoe zina karibu sentimita 20, lakini rimu na matairi yao ni ya lami. Land Cruiser 79 ina chesisi, springi za majani nyuma, tangi la lita 130, na dizeli ya 1HZ isiyo na turbo ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua.

Hasara zake zitajwe wazi. Farasi 130 kwenye pikapu iliyojaa askari haifukuzi gari lolote la kisasa. Breki zake hazikukusudiwa kusimamishwa mfululizo kutoka kasi kubwa, na uzito umekaa juu. Askari wanaoketi kwenye mabenchi ya nyuma bila mikanda hurushwa nje gari linapopinduka. Funga fremu ya mabomba yenye kushikizwa kwenye chesisi, mkanda kwa kila kiti, na programu au geji ya kuonya mwendo ukizidi kilomita 90 kwa saa watu wakiwa nyuma.

Magari ya umeme yanaingia kwa kasi. Chevrolet Blazer EV PPV ina betri ya takriban kWh 102. Vifaa na kiyoyozi vikila kilowati 2 kwa saa kumi, ni moja ya tano ya betri, na hakuna injini ya kuharibika kwa sailensi. Lakini gari linalokabidhiwa zamu hadi zamu bila kupumzika halipati muda wa kuchaji. Litafaa pale kila askari ana gari lake au kituo kina chaja za kasi.

Kabla ya kusaini oda

Kwa mji wenye lami na saa nyingi za kusimama, chukua Explorer haibridi; kwa barabara kuu, Explorer ya turbo. Tahoe ni ya msimamizi, kikosi cha mbwa au anayebeba vifaa vingi. Charger lililotumika lipewe askari mmoja wa usalama barabarani asiyebeba mahabusu. Land Cruiser ibaki vijijini.

Kisha jaribu gari moja lililofungwa kila kifaa. Lipime kwenye mizani ekseli moja moja na ulinganishe na kibandiko cha uzito cha mlangoni. Lisimamishe mara 10 mfululizo kutoka kilomita 100 kwa saa na upime umbali wa mara ya kwanza na ya kumi. Liache sailensi saa mbili jua la adhuhuri, kila kitu kikiwashwa, ukitazama volti na joto la injini. Kwa yasiyo haibridi volti zikishuka chini ya 13, altaneta inayochaji betri haitoshi. Mwite askari mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote, wakiwa na mikanda yao kamili, waingie na kutoka mara ishirini. Mwisho mkalishe nyuma mtu aliyefungwa pingu, mlango ufungwe, na askari mmoja peke yake amtoe. Akishindwa, ukuta usogezwe mbele au ubadilishwe kabla magari mengine hayajafungwa vifaa.